Umefikia kwa Nani?

"Umefikia kwa nani?"

Niliulizwa hivyo na bibi mmoja wa Chilangala, siku yangu ya kwanza kazini kule juu Newala. Nilikuwa nimesimama mbele ya baraza yake, kishikwambi mkononi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, shahada yangu kichwani. Yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya muhogo. Shikamoo nilishampa, marahaba nilishapokea, habari za asubuhi tulishaulizana, nikadhani tumemaliza.

"Nimefikia gesti, bibi. Pale Newala mjini."

"Gesti ya nani?"

Sikujua ni ya nani. Nilijua namba ya chumba.

"Haya," akasema, akaurudia muhogo wake. "Ukishafika, uje."

Nilicheka njia nzima nikiwa nyuma ya bodaboda. Bibi huyo anaitwa Bibi Somoe, na nitarudi kwake, kwa sababu hata mimi ilinibidi nirudi kwake.

Kwanza nijieleze. Kwa miaka tisa nilikuwa mdadisi, yaani mtu anayetumwa na mradi wa utafiti kuingia kwenye nyumba za watu na kuwauliza wamelima nini, wamekula nini, nani analala hapa, nani amehama. Mwaka jana niliacha. Nina miaka thelathini na tatu. Najua mstaafu anatakiwa awe na mvi na kiinua mgongo. Mimi nina magoti yaliyochoka kwa mchanga wa Newala na begi lililokatika mikanda miwili, na kwa hesabu yangu hiyo inatosha. Nasikia baadhi yenu mnaanza kazi hiyo hiyo msimu huu. Wengine hamna kazi yoyote, mnataka tu kutembea muione nchi. Kufika mahali pageni ni kazi ile ile, ulipwe usilipwe.

Jambo la pili mlijue ni kwamba mimi ni mbishi. Nikiambiwa "ndivyo tunavyofanya hapa," nauliza tangu lini, na nani alianza, na asiyefanya hivyo anapatwa na nini. Nilipoambiwa Newala kuna baridi, niliuliza baridi ya namna gani, maana mimi ni mtoto wa Masasi, na kutoka Masasi kupanda kule si safari ya kuaga ukoo. Nikapanda mwezi wa saba na blauzi mbili nyepesi. Asubuhi ya pili nilikuwa sokoni, ukungu umenifika puani, najaribu sweta la mtumba la kiume lenye picha ya kulungu kifuani. Nililivaa wiki tatu. Kwenye vijiji viwili walinijua kama dada wa mbuzi, maana hakuna aliyekubali kwamba yule ni kulungu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo kabisa: mtu wa mahali akikuambia habari ya hali ya hewa yake, usimdai ushahidi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Stela, mwalimu mstaafu wa upande wa Chidya, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau chungu motoni. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa kundi letu. Kwenye begi lake kulikuwa na kanga mbili, chumvi, sabuni za vipande na ndala za kuvuka maji, na katika miaka yote hiyo sikumwona akikosa kitu. Enzi hizo tulikuwa ndiyo tumeacha madodoso ya karatasi na kuingia kwenye vishikwambi, na mimi nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya vishikwambi. Nilikuwa namaliza kaya sita kwa siku. Yeye alimaliza tatu, siku akikazana nne.

"Mama, tutachelewa," nilikuwa nikimwambia. Yeye ameketi anaeleza alizaliwa wapi, anasali wapi, nani kwao amefariki na aliumwa nini.

"Nusu saa ya kwanza anayedodoswa ni wewe," alinijibu. "Wakimaliza maswali yao ndiyo utoe yako."

"Na kaya mbili zilizobaki leo?"

"Hizo hata tukienda zitatudanganya. Bora tukale."

Sikumwamini mpaka jioni moja aliposoma majibu yangu ya kijiji kizima. Akavua miwani. "Kila nyumba ina kuku wawili," akasema. "Wote. Wawili, wawili, wawili. Ulikwenda kijijini au kwenye safina ya Nuhu?" Nilikuwa nimeandika hivyo kwa uaminifu mkubwa, huku kuku wenyewe wakinikanyaga miguu.

Suala la maji nalo nililijua kwa aibu. Kule juu mabomba yapo, lakini bomba lina siku zake, na watu hawajasahau jinsi bibi zao walivyokuwa wakishuka mteremko na kuupanda tena wakiwa na mtungi kichwani. Nyumba nyingi zenye bati zina kisima cha kuvunia mvua, na kisima hicho kina mfuniko na mfuniko una kufuli. Mama mmoja alinipa kikombe cha maji ya kunywa. Nikanywa nusu, na nusu nikaimwaga pembeni, kistaarabu, kama tunavyofanya kwetu.

"Huko kwenu imenyesha?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Aa. Nilidhani imenyesha."

Ilinichukua nusu kilomita kuelewa kwamba nimesemwa. Ukipewa maji, rudisha kikombe na kilichobaki ndani yake. Hakuna atakayeona umemdharau; kuku atakunywa, au mche wa mpapai.

Makosa hayo ni ya mgeni, na ya mgeni husamehewa. Kubwa nililifanya mwaka wa tatu, nilipokwisha kujiona mwenyeji.

Mwaka huo tulitumwa kuwatafuta watu waliokuwa watoto wakati mradi unaanza, miaka kumi na miwili nyuma, tuone maisha yamewapeleka wapi. Kishikwambi kilikuwa na majina yao kama wazazi walivyoyataja wakati ule. Mama Stela alikuwa na kundi lingine upande wa Nanganga, kwa hiyo Chilangala niliachiwa mimi. Nililala gesti, kama kawaida. Mara nyingi alikuwa ameniambia nitafute mwenyeji, na mara zote nilimjibu kwamba mtafiti akila kwa mtu mmoja, majibu ya wengine yanapinda. Hoja hiyo niliifundishwa chuo na bado naiona ni hoja nzuri. Alikuwa akinijibu, "Sawa, msomi," na kuendelea kufunga begi lake.

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka alinisimulia habari za kijiji njiani. Leo kwa Baba Zuhura kuna wakwe, akasema. Mkewe aliondoka na mtoto tangu mavuno ya korosho, walikosana, na leo mjomba wa yule mwanamke amekuja, watu wote wanasema anakuja kumrudisha. Kule, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake wa kike. Baba anaweza kuwa na maoni. "Kwa hiyo pale tusipite kwanza," akasema.

Mimi nilikuwa simtafuti Baba Zuhura. Nilikuwa na jina lingine kabisa kwenye kioo. Nilipomsomea, akapunguza mwendo. "Hilo silijui," akasema, na tulipofika kijijini akanishusha barabarani.

Jina hilo sitaliandika hapa.

Ramani ya kishikwambi ikanifikisha kwenye nyumba ya bati nyekundu. Uani kulikuwa na mkeka, na wanaume wanne wamekaa: watatu wazee wenye kofia, na kijana mmoja aliyekaa wima kama mtu anayefanya mtihani. Nikaamkia. Wakaitikia. Nikasema kwa sauti yangu nzuri ya kusomea kwamba namtafuta fulani, nikalitaja lile jina.

Wazee wakatazama mkeka. Nikadhani hawakusikia. Nikalirudia, nikaongeza jina la mama yake ili wasichanganye, nikaongeza kwamba alikuwa na miaka kumi wakati huo.

Kijana akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba, hakurudi. Mmoja wa wazee, ambaye ndiye alikuwa mjomba, akachukua bakora yake, akavaa viatu polepole, akaondoka bila kuaga mtu. Wenzake wakamfuata. Nilibaki na mkeka. Mwanamke wa nyumba ya jirani akaniambia juu ya ua, bila ukali, "Dada, ondoka."

Kijana wa bodaboda alinieleza nilipomrudia barabarani: yule aliyekaa wima ndiye Baba Zuhura, na jina nililolitaja ni lake la utotoni. Mtoto akienda jandoni anaacha jina lake huko huko porini. Akitoka anatoka na lingine, na lile la zamani hakuna mwenye adabu anayelitaja tena. Ukimwita nalo mbele ya watu umesema bado ni mtoto, hajawa mwanaume. "Na wewe umelisema mbele ya wakwe zake, na mkewe hayupo nyumbani," akasema.

"Lakini ndilo lililoandikwa."

"Karatasi haijaenda jandoni, dada."

Mnaweza kujiuliza mtu wa Masasi inakuwaje hajui. Mimi ni Mmakua wa familia ya kanisa; babu wa babu yangu alibatizwa na wamisionari, na kwetu jina la ubatizo ndilo utakaloitwa shuleni, ndilo utakalozikwa nalo. Nilikuwa nimesikia juu juu kwamba wengine hubadili majina. Nilichukulia ni mambo ya zamani, kwa sababu sikuwahi kuyaona, na sikuwahi kuyaona kwa sababu kila aliyekutana nami alikuwa ameshabadili.

Kufika alasiri kijiji kizima kilikuwa hakinitaki. Nyumba ya kwanza mgonjwa, ya pili wako shamba, ya tatu mlango ulifungwa nikiutazama. Kaya zilikuwa zinaniuma, nisiwadanganye. Ila kilichoniuma zaidi ni yule kijana aliyekaa wima. Alikuwa anangoja mke na mtoto wake wa miaka mitatu, na kikao cha kuwarudisha nimekivunja mimi.

Nilimpigia Mama Stela. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaombe radhi," akasema.

"Naenda kesho asubuhi."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu. Mimi ndiye niliyekosea."

"Na wewe ni nani? Utasimama mbele ya mjomba wa watu useme wewe ni wa chumba namba nne?" Akavuta pumzi. "Mgeni akikosea, anayeulizwa ni mwenyeji wake. Asiye na mwenyeji haulizwi na hasamehewi. Wanamwacha tu apite."

Nilibisha. Nilisema ni haki zaidi mkosaji aseme mwenyewe.

"Ni haki," akasema. "Ila hawatakusikia."

Basi nikarudi kwenye baraza ya Bibi Somoe, miaka miwili baadaye. Alikuwa na muhogo mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefika?"

"Sijafika. Ndiyo nataka kufika."

"Wewe ndiye uliyemvua nguo mtoto wa watu hadharani."

"Ndiye mimi."

"Lete begi."

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi Somoe alinipa jembe kabla sijalitua begi. Nilipalilia mbaazi, nikamenya muhogo, nikatwanga, nikachekwa ninavyotwanga. Kila tulipokutana na mtu njiani alisimama, akasema, "Huyu amefikia kwangu," na kila mtu akaniangalia upya, kama vile mwanzo hakuniona vizuri. Nilimuuliza kwa nini tusiende kuomba radhi siku ile ile. Akasema siku ya kwanza watu bado wanasimulia, ya pili wanaongeza chumvi, ya tatu wanachoka. "Tutakwenda wakichoka." Tulilala chumba kimoja. Alikoroma kama mashine ya kusaga.

Siku ya nne asubuhi tulikwenda kwa mjomba, mwendo wa saa moja kwa miguu, na Bibi Somoe akampitia Baba Zuhura akamwamuru atufuate. Alitufuata kwa mbali. Tulipofika alikaa pembeni kwenye gogo, macho chini. Mkewe alikuwa ndani. Nilisikia mtoto akiongea.

Bibi alisema kwa ufupi kuliko nilivyotegemea. "Mgeni wangu amekosea. Ni mgeni wangu, kwa hiyo nimekosea mimi. Nimekuja na kuku na nimekuja na yeye, mchague mnachotaka."

Mjomba hakumtazama kuku. "Mtu wa wapi?"

"Masasi. Mmakua."

"Mmakua," akarudia, na uso ukaanza kumbadilika. "Bibi, mbona hukusema mapema? Nimekaa na hasira siku nne juu ya mtani wangu. Nani atanirudishia siku zangu?" Kule sisi Wamakua na wenyeji wa Newala ni watani tangu mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani. "Mtani haombi radhi. Mtani analipa."

"Alipe nini?" Bibi akauliza.

"Ametoa jina la mtu hadharani. Naye atoe lake." Akanigeukia. "Ulipokuwa mtoto, kabla hujajua kusoma hayo makaratasi, bibi yako alikuwa anakuitaje?"

Kulikuwa na watu kama kumi uani wakati huo, na wengine walikuwa wanaongezeka. Chuo kilinifundisha kwamba mdadisi hatoi habari zake binafsi. Nilimtazama Bibi Somoe anitetee. Alikuwa anangoja kama wengine.

"Kikojozi," nikasema.

"Hatusikii."

"Kikojozi."

"Mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Na amelala kwangu siku tatu," akasema Bibi Somoe, "kwenye mkeka mpya."

Wa kwanza kucheka alikuwa Baba Zuhura. Alicheka mpaka akashika magoti, na uani pote wakamfuata. Mjomba akaanza kuniuliza mambo mengine mabaya zaidi, kama godoro tulilikausha kwa jua au kwa moto, kama Wamakua wote ni hivyo au ni wa bondeni tu, na hapo yule kijana akainua mkono.

"Basi, mjomba," akasema. "Mwacheni dada wa watu. Darasa la nne ni zamani."

Mjomba alimgeukia. "Kwa nini umekaa kwenye gogo?" akamwambia. "Sogea mkekani."

Yaliyofuata hayakunihusu, na Bibi Somoe alinivuta mkono tukaondoka. Baada ya wiki mbili Mama Zuhura alirudi kwake na mtoto. Mimi nikapata kaya zangu zote Chilangala, na katika zote hakuna hata moja iliyoniambia ina kuku wawili. Kila nyumba niliyoingia nilitoa shikamoo, na wazee wakaitikia, "Marahaba, Kikojozi."

Tangu hapo jina la mtu silisomi kwa sauti nikiwa uani kwake. Namuuliza jirani au mwenyeji wangu kando, kwa sauti ndogo, huyu sasa anaitwa nani, na nikifika nauliza tu, "Mama nani anaishi hapa? Baba nani?" Niliuomba mradi uongeze nafasi ya kuandika jina analoitwa mtu sasa. Walibishana miezi mingi wakaiongeza. Mkiiona kwenye vishikwambi vyenu, mjue imetoka wapi.

Na tafuteni wa kufikia kwake. Si lazima mlale hapo. Nendeni kwanza kwa mtu mmoja, mkae, mdodoswe, mle kilichopo, mpaka aweze kusema "huyu amefikia kwangu" bila kusitasita. Sitawaambia kwamba haina gharama. Ukifikia kwa mtu umefikia na ugomvi wake pia: Bibi Somoe na jirani yake walikuwa wanagombea mkorosho mmoja wa mpakani, na yule jirani aliniandikisha watoto tisa wakati ana wanne, kwa sababu tu nilikuwa wa Bibi Somoe. Hoja yangu ya chuo ilikuwa kweli. Majibu yanapinda. Lakini nikiwa gesti yalikuwa yamepinda zaidi, ila sikuwa na mtu wa kunionyesha yalipopindia.

Mwaka jana, nilipokwisha kuacha kazi, nilipanda kuwaaga. Ilikuwa msimu wa korosho, na nilikaa na Mama Zuhura chini ya mikorosho yake tunanyonyoa korosho kutoka kwenye mabibo. Zuhura yuko shule sasa. Nikamsimulia mambo ya mwaka ule kama ninavyowasimulia watu, kwamba mjomba alikuja kumrudisha, nikaharibu, tukatengeneza. Naisimulia vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Nani alikuambia mjomba alikuja kunirudisha?"

"Watu wote walisema."

"Ulimuuliza mwenyewe?"

"Hapana."

Akatupa bibo, akachukua lingine. "Siku ile alikuja kuchukua kinu changu na masufuria," akasema. "Na talaka ndiyo aliyokuja kuidai. Ulipoingia uani alikuwa bado hajaisema."